Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga wa pwani wameacha methali mbili juu ya mgeni ambazo, zikisikilizwa kwa pupa, huonekana kupingana. Ya kwanza humfungulia mlango: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili humhesabia siku: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayezisikiliza kwa utulivu hutambua kwamba hazigombani. Moja yasema juu ya kizingiti cha nyumba, nyingine juu ya konde. Mgeni hupokewa kizingitini bila ya masharti, na kondeni hupewa nafasi ya kuwa mmoja wa wenyeji. Katika zote mbili hakuna mahali anapoulizwa ametoka wapi.

Kizingiti na konde ndivyo vifaavyo kupimia swali ambalo siku hizi huulizwa zaidi na wataalamu wa mimea kuliko washairi, ingawa washairi nao lawahusu. Swali lenyewe ni hili: binadamu ana haki gani ya kuuingilia uwanda wa nyasi, akauchagua mmea mmoja miongoni mwa mamia, akauita gugu, kisha akaung'oa, akaufyeka au akautia moto ili mingine ipate kuishi? Wataalamu wameipa mimea ya namna hiyo jina la mimea vamizi, na ule wingi wa viumbe mbalimbali wanaotaka kuulinda wameuita bioanuwai. Majina hayo ni ya sayansi, lakini hukumu iliyomo ndani yake ni ya maadili. Neno vamizi lataja kosa, na penye kosa ni lazima ijulikane sheria iliyovunjwa.

Jibu jepesi ni kwamba kosa la mmea huo ni ugeni wake: umetoka kwingine, basi na urudi ulikotoka. Jibu hili haliwezi kusimama mbele ya mkaazi wa visiwani hata kwa saa moja. Aingie jikoni mwake, atakuta muhogo, mahindi na pilipili, vyote asili yake ni Amerika. Atoke uani, atakuta mwembe ambao wazee wake walikuwa Asia ya Kusini. Aende mashamba, atakuta mkarafuu, mti ambao kwao Unguja na Pemba zimejulikana ulimwenguni, nao nasaba yake ni ya visiwa vya Maluku; ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa walikwishaupanda. Ikiwa ugeni ni dhambi, basi shoka la kwanza lingeuangukia mkarafuu, na la pili lingewaangukia waliolishika shoka, kwani aghalabu nao ni wajukuu wa majahazi na pepo za kaskazi.

Hata hivyo, mkarafuu haufai kutolewa ushahidi kana kwamba haukuwahi kumdhuru mtu. Misitu ilikatwa ili upate nafasi. Mikono iliyoupanda na kuuchuma kwa miaka mingi ilikuwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara. Mashamba yalipokwisha kujaa mti mmoja, kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na utajiri ukahamia Pemba ambako upepo haukuwa mkali kiasi hicho. Mti uliopendwa kuliko yote uliwafunza wapandaji wake kwamba kipenzi nacho chaweza kujaa mahali pote, na kwamba panapojaa kitu kimoja, pigo moja latosha.

Visiwa vinamjua pia mgeni wa namna nyingine. Katika miaka ya 1890 kunguru kutoka Bara Hindi waliletwa Unguja ili wasaidie kula takataka za mji. Walizila, kisha wakaendelea. Wakala mayai na makinda ya ndege wadogo, wakanyakua vifaranga uani, wakavuka bahari wakatanda pwani yote ya Afrika Mashariki. Aliyewaleta aliwatwika kazi moja. Wao wakajitafutia nyingine mia. Basi mkarafuu na kunguru wote ni wageni, na wote waliitwa na wenyeji, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayewaweka katika hukumu moja. Kinachowatenganisha si safari waliyosafiri. Ni namna wanavyoishi na waliowakuta.

Hapo ndipo jembe la siku ya tatu linapopata maana yake. Kwa mtu, kazi ni kulima. Kwa mmea, kazi ni nini? Anayeutazama uwanda wa nyasi kwa makini ataona kwamba kila kimea kina deni kwa jirani zake. Huliwa na mnyama na nyuki hupata riziki katika ua lake. Huuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwisho hukauka, na mwanga ukapita kumfikia aliye chini yake. Pundamilia hula nyasi ndefu na ngumu. Akishapita, nyumbu hupata majani laini. Naye akishapita, swala wadogo hupata machipukizi mafupi yaliyoachwa. Chakula cha mmoja ni mlango wa mwingine. Mmea usiolipa deni hili, unaochukua maji na jua wala hauliwi, wala haumwachii nafasi mwenziwe, huo umekula siku mbili na kulikataa jembe siku ya tatu.

Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kibwagizo ni kizuri, na ubeti mzima huelekea kwacho. Lakini kibwagizo kikipanda mshororo wa tatu, kisha wa pili, kisha wa kwanza, shairi limekwisha, hata kama vina vimetimia na mizani imekaa sawa. Halikuharibiwa na neno baya. Limeharibiwa na neno zuri lililojaa mahali pote. Mtunzi anayefuta mshororo alioupenda ili mingine isikike hamchukii aliyemfuta. Anaitunza kauli nzima. Swali la malisho ni swali hilohilo, ila hapa kinachofutwa kina uhai, na ndiyo maana hukumu yake ni nzito zaidi.

Mahali ambapo uzito huu waweza kuonekana kwa macho ni Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Kreta yake ni shimo la volkano iliyobomoka zamani za kale. Kuta zake zina kimo cha takriban mita 600, na sakafu yake ni uwanda wa nyasi wa kiasi cha kilomita za mraba 250. Mwaka 1979 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huja kutoka pande zote kutazama simba, faru na makundi ya nyumbu, nao huondoka wakiamini kwamba wameona ulimwengu kama ulivyokuwa kabla ya kuguswa na mkono wa mtu. Imani hiyo ni tamu, lakini si kweli.

Wafugaji wamelisha katika nyanda zile za juu kwa zaidi ya miaka 2,000, na makaburi yao ya mawe yamo ndani ya kreta yenyewe. Wadatoga walikuwako kabla ya Wamasai. Wamasai waliwatoa katika karne ya 19. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ndugu wawili wa Kijerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba mle ndani. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wamasai katika Serengeti, iliunda Hifadhi ya Ngorongoro iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa mwitu wataishi pamoja. Kisha mwaka 1974 familia zilizokuwa zikikaa ndani ya kreta zikahamishwa. Ng'ombe waliendelea kuteremshwa mchana kunywa maji na kulamba chumvi ya ardhini, mpaka katika miaka ya 2010 ruhusa hiyo nayo ikaondolewa.

Pamoja na watu hao uliondoka moto wao. Wafugaji walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi kuukuu sehemu kwa sehemu ili machipukizi mapya yatoke na kupe wafe. Baada ya mwaka 1974 desturi hiyo ilikoma ndani ya kreta, kwani moto ulihesabiwa kuwa uharibifu, na kuacha kukahesabiwa kuwa hifadhi. Nyasi zikarefuka na kukomaa. Nyati, ambao katika miaka ya 1960 walikuwa wachache mno, wakaongezeka hadi maelfu, kwani nyasi ndefu ni chakula chao. Nyumbu na swala, ambao hupenda nyasi fupi, wakapungua. Mwaka 2000 ulikuja ukame mkali, na mwaka 2001 mvua nyingi. Wanyama wengi wakafa katika miaka hiyo miwili, nyati na simba wakiwa miongoni mwao, na watafiti wakayahusisha maafa hayo na maradhi yaliyoenezwa na kupe. Kuanzia mwaka 2001 moto ukarudishwa kwa mpango, ukiwashwa na watumishi wa hifadhi, na katika sehemu zilizochomwa kupe wakapungua. Waliokatazwa kuwasha moto walikuwa wamefanya kwa vizazi jambo ambalo waliowakataza walikuja kulijifunza kwa vifo.

Magugu nayo yakachukua nafasi yake. Kuna wageni halisi, kama Argemone mexicana, mmea wenye miiba na maua ya manjano uliotoka Amerika ya Kati. Kuna gugu karoti, ambalo asili yake pia ni Amerika. Limeenea Arusha na kando ya barabara za kaskazini, na ndilo linalohofiwa kuliko yote, kwani mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, huwawasha watu ngozi, huwatia taabu ya kupumua, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Mbegu zake hupanda matairi ya magari, yakiwemo magari ya watalii wanaokwenda kuitazama ardhi isiyoguswa.

Lakini mmea mmoja katika yale yaliyoitaabisha mno sakafu ya kreta haukuvuka bahari yoyote. Ni Gutenbergia cordifolia, kimea cha msimu chenye maua ya zambarau, mzaliwa wa Afrika, jirani wa zamani wa nyasi zile zile. Wanyama wengi hawauli. Kwa muda mrefu ulikuwako bila ya kumsumbua mtu. Nafasi ilipopatikana ukatanda sehemu kubwa, na palipokuwa malisho pakawa bustani ya maua yasiyoliwa, nzuri machoni mwa mpita njia na tupu tumboni mwa swala. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa methali imetimia neno kwa neno. Mwenyeji amekuwa mvamizi bila ya kuhama.

Kwa ushahidi huu, nasaba imeshindwa kuwa kipimo. Mkarafuu ni mgeni, na bado jembe la mwenye shamba huupalilia. Gutenbergia ni mwenyeji, na hufyekwa. Anayetaka kuhukumu kwa haki hana budi kutazama matendo na mahali, wala asitazame cheti cha kuzaliwa. Tena hukumu yake haiwi ya milele: mmea uliokuwa jirani mwema katika malisho yanayolishwa na kuchomwa kwa zamu waweza kuwa dhalimu malisho hayo yakiachwa. Kosa, basi, haliko katika mmea peke yake. Sehemu yake iko kwa aliyeliacha konde.

Hapa patasimama mpinzani wa kwanza, naye ni mtu wa heshima. Atasema: mwacheni Muumba na maumbile yake, binadamu ameharibu vya kutosha kwa kuingilia, basi adabu ya sasa na iwe kuondoa mkono. Hoja hii ina unyenyekevu ndani yake, na unyenyekevu haudharauliwi. Kasoro yake ni kudhani kwamba kuacha si kutenda. Baharia aliyeshika usukani kwa siku kumi, akauachia siku ya kumi na moja kwenye mkondo wa miamba, hawezi kusema kwamba chombo kimejiendea. Uwanda uliotengenezwa kwa jino, kwato na moto kwa miaka elfu mbili umekwisha kuwa ahadi baina ya ardhi na walioitunza. Kuondoka ni kuivunja ahadi, hata kama kuondoka huko kumepewa jina zuri.

Jambo hili si la Afrika tu. Malisho ya Ulaya yanayosifiwa kwa maua yake yalizaliwa na mundu: nyasi hukatwa mara moja kwa mwaka, baada ya maua kuangusha mbegu, zikakaushwa kuwa chakula cha mifugo wakati wa baridi. Uingereza inakadiriwa kupoteza zaidi ya sehemu 97 katika 100 za malisho hayo kati ya miaka ya 1930 na ya 1980, mengine kwa kulimwa na kutiwa mbolea, mengine kwa kuachwa mpaka vichaka vikayafunika. Jembe lililozidi na jembe lililokosekana yalileta hasara moja.

Mpinzani wa pili ni mgumu zaidi, maana yeye hasemi juu ya maumbile yote. Anasema juu ya kile kimea kimoja kilicho mkononi. Kina uhai. Kinataka kuishi kama kila chenye uhai. Ni nani aliyempa mtu mizani ya kusema kwamba ua la zambarau lina haki ndogo kuliko unyasi? Albert Schweitzer, daktari aliyetibu watu Lambaréné katika Gabon, alilibeba swali hili kwa miaka. Mwaka 1915, akisafiri katika mto Ogooué, alifikia wazo la kuuheshimu uhai wote bila ya kuupanga kwa daraja. Na katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1923 akatoa mfano wa malisho. Mkulima aliyekata maua elfu kondeni ili ng'ombe wake wale, alieleza, akirudi nyumbani asikate hata ua moja la kando ya njia kwa mchezo. Tofauti iko katika haja. Lile elfu lilikatwa kwa lazima, na hili moja lingekatwa kwa upuuzi. Na mwenye kukata kwa lazima ajue pia kwamba amekata.

Mmarekani Aldo Leopold, mtu wa misitu ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alilishika swali kutoka upande wa pili. Kwake yeye udongo, maji, mimea na wanyama ni jumuiya moja, na binadamu ni raia tu ndani yake; jema ni lile linaloihifadhi jumuiya hiyo nzima. Kwa Schweitzer, mkono unaofyeka hutetemeka. Kwa Leopold, mkono hujua kwa nini unafyeka. Mtunzaji wa malisho anawahitaji wote wawili. Akimsikiliza Leopold peke yake, ataua kwa moyo mkavu, akiita kila kifo hesabu. Akimsikiliza Schweitzer peke yake, atasimama na mundu mkononi akihurumia ua moja huku swala wakiondoka.

Kutoka hapo yapatikana masharti ya jembe, nayo ni ya vitendo. La kwanza ni wakati. Gugu hufyekwa kabla halijatoa mbegu, maana anayefyeka baada ya mbegu kukomaa anapanda, tena anapanda kwa bidii. La pili ni kiasi. Moto huwashwa sehemu kwa sehemu, sehemu nyingine ikaachwa, ili ndege anayetaga katika nyasi ndefu na swala anayetaka fupi kila mmoja apate pake. La tatu ni kutafuta njia isiyoleta uharibifu mwingine. Watafiti wa chuo cha Nelson Mandela kilichoko Arusha walichapisha mwaka 2016 majaribio ya kuidhoofisha Gutenbergia kwa maji yaliyokamuliwa katika mimea ya jamii ya desmodiamu. La nne, ambalo husahauliwa, ni kudumu. Katika miaka ya 1990 kunguru wa Unguja walipunguzwa sana kwa sumu na mitego. Kazi ilipokoma, wakarudi. Palizi haina siku ya kumaliza. Anayeahidi kulimaliza gugu mara moja hajawahi kulima.

Sharti la tano lahusu nia, na ushahidi wake uko karibu na bahari. Mwaka 1973 mti uitwao kwa kitaalamu Prosopis juliflora, jamaa wa migunga kutoka Amerika, ulipandwa karibu na Mombasa, katika machimbo ya mawe ya Bamburi, ili kuirudishia kijani ardhi iliyochimbwa. Katika miaka ya 1980 ulipelekwa maeneo makavu ya Kenya, Baringo na bonde la mto Tana yakiwemo, kuzuia vumbi na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa njema, na kuni zilipatikana kweli. Lakini mti huo, ambao Wakenya wameuita mathenge, ulifunga njia, ukafunika malisho ya Baringo, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakaazi wa huko waliipeleka serikali mahakamani, na mbuzi asiye na meno akaletwa Nairobi awe ushahidi. Wengine walimcheka mbuzi yule. Hakustahili kuchekwa. Alikuwa akiuliza swali lote la makala haya: anayemkaribisha mgeni katika konde la mtu mwingine, akaondoka, siku ya tatu ikifika ni nani atakayelishika jembe?

Swali hili laleta jambo la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote. Lugha ya uvamizi haikai katika mimea. Ulimi uliozoea kusema kwamba gugu ni mgeni, na mgeni ni adui, na adui ni wa kung'olewa, haushindwi kuihamisha sentensi hiyo kutoka malishoni hadi mitaani. Visiwa na pwani vimewahi kuonja uchungu wa watu kuulizwa babu zao walishuka kutoka chombo gani. Ngorongoro nako waliokuwa wakiyatunza malisho walikuja kuhesabiwa miongoni mwa vinavyoyatishia. Haki yataka upande wa pili nao usikilizwe: watu wa hifadhi walikuwa wapatao 8,000 mwaka 1959, na kufikia mwaka 2017 walizidi 90,000, nayo mifugo mingi kupita kiasi hukwangua ardhi mpaka gugu likapata mlango. Mwaka 2022 baadhi ya familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, na mabishano juu ya uhamisho huo yamekuwa makali. Hesabu ya watu na malisho ni mjadala wa halali. Lisilokuwa la halali ni kuijadili kwa msamiati wa palizi.

Kwani mtu si mmea. Mmea hauwezi kupewa jembe. Haujui siku ya tatu, hauwezi kuambiwa, hauwezi kujirekebisha, na kwa hiyo mtunzaji hulazimika kuamua kwa niaba yake, tena kwa huzuni. Mtu anaweza kuambiwa, na anaweza kujibu. Kumtendea kama gugu ni kumnyima lile jembe ambalo methali ilikwisha kumwandalia, yaani nafasi ya kusema anavyoijua ardhi ile na kuonyesha kazi yake. Sheria ya malisho haisafiri kwenda kwa watu. Sheria ya ukarimu ndiyo inayoweza kusafiri kwenda malishoni, ikampunguzia mfyekaji ukali.

Ndiyo maana yafaa kuirudia methali na kuisikiliza upya. Watu wengi huisikia kama onyo kwa mgeni. Lakini jembe haliokotwi njiani. Anayempa mgeni jembe lazima awe nalo, na awe na konde, na konde hilo liwe limekwisha kulimwa siku ya kwanza na ya pili na miaka mingi kabla yake. Mwenyeji aliyeliacha shamba lake mpaka likawa msitu hana cha kumkabidhi mgeni siku ya tatu ikifika, wala hana haki ya kulalamika kwamba mgeni amekula bila ya kulima. Malisho yanapojaa mmea mmoja, swali la kwanza si mmea ule umetoka wapi. Swali la kwanza ni mwenyeji alikuwa wapi.